Banani: Misheni ya Marafiki na Mwisho wa Utumwa Kisiwani Pemba, 1897–1911

Mwaka 1897, mwaka uleule ambao Seyyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, Jumuiya ya Marafiki ya Uingereza, dhehebu la Kikristo ambalo waumini wake hujulikana pia kwa jina la Wakweka, ilinunua shamba la mikarafuu lililoitwa Banani, katika eneo la Chake Chake, na kuanzisha hapo misheni kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Misheni hiyo ilikuwa ya aina iliyoitwa misheni ya kazi, maana yake ni kwamba pamoja na ibada na mafundisho ya dini ilikusudia kuwapa watu ujira, makazi na stadi za kujitegemea, na kwamba shamba lenyewe lilitarajiwa kuchangia gharama za kazi hiyo. Kwa namna hiyo Banani ni miongoni mwa mifano ya mwanzo, katika visiwa vya Zanzibar, ya kazi ambayo leo huitwa msaada wa kibinadamu, yaani kazi iliyopangwa na watu wa mbali, kwa fedha za michango, ili kuwahudumia watu walioumizwa na dhuluma ambayo wao wenyewe hawakuianzisha. Historia yake inastahili kuchunguzwa kwa sababu inaonyesha jinsi waliosaidiwa walivyoiamua sura ya msaada huo kwa kiasi kikubwa kuliko waliouleta.

Hali ya Pemba katika robo ya mwisho ya karne ya 19 haieleweki bila kuanza na kimbunga cha Aprili 1872, ambacho kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja lakini kikaiacha Pemba karibu salama. Bei ya karafuu ilipopanda, wenye mashamba wa Kiarabu na wa Kiswahili walipanda miche mipya kisiwani Pemba kwa wingi, na mahitaji ya wafanyakazi yakaongezeka wakati ambapo njia ya kuwapata ilikuwa ikifungwa, kwa kuwa tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa wakati huo, Seyyid Barghash bin Said, akiwa chini ya shinikizo la manowari za Uingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa la mjini Zanzibar. Matokeo yake ni kwamba biashara iliyokuwa ya wazi ikawa ya magendo, na mkondo wa Pemba, ambao upana wake hadi pwani ya bara ni takriban kilomita 50, ukawa uwanja wa mapambano. Pwani ya magharibi ya kisiwa, yenye hori nyingi na mikoko minene, iliwafaa manahodha waliovuka usiku wakiwa na mateka kutoka bara, huku mashua za manowari za Uingereza zikiwavizia kwenye milango ya bahari. Mapambano hayo yaliua watu wa pande zote, na kifo kilichotangazwa zaidi ni cha Kapteni Brownrigg, kamanda wa manowari iliyoitwa London, iliyotia nanga Unguja, ambaye aliuawa Desemba 1881 katika bahari ya Pemba alipokuwa akijaribu kulikagua jahazi la watumwa lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Vifo vya mateka waliokufa vyomboni katika miaka hiyohiyo havikutangazwa namna hiyo, wala majina yao hayakuandikwa.

Kazi iliyowasubiri waliofika salama ilikuwa na utaratibu uliokwisha kuzoeleka. Shamba kubwa liliongozwa na msimamizi, naye alisaidiwa na nokoa na kadamu, ambao mara nyingi walikuwa watumwa waliopewa mamlaka juu ya wenzao. Mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano kwa wiki, na siku mbili zilizobaki, aghalabu Alhamisi na Ijumaa, alilima konde lake la muhogo au mpunga, ambalo ndilo lililomlisha. Watumwa wenyewe hawakuwa tabaka moja. Mateka mgeni kutoka bara alikuwa na heshima ndogo kuliko mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani na kukulia katika lugha na dini ya kisiwa. Na wote wawili walitofautiana na suria, mjakazi ambaye bwana wake alimfanya mwenzi wa nyumbani na ambaye watoto wake, kwa sheria ya Kiislamu, walizaliwa huru na kumrithi baba yao sawa na ndugu zao wengine. Tofauti hizi zilikuwa na uzito mkubwa baada ya 1897, kwa sababu kila kundi lilikuwa na jambo tofauti la kupoteza na la kupata, ilhali wafadhili wa London walizoea kuwafikiria wote kama watu wa aina moja waliosubiri mlango ufunguliwe.

Mlango huo ulifunguliwa kidogo kidogo, na kila hatua ilifuatiwa na hofu. Amri ya Sultani Seyyid Ali bin Said ya tarehe 1 Agosti 1890, iliyotolewa mwaka ambao Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, ilikataza uuzaji wote wa watumwa na kuwapa haki ya kujinunua, lakini wamiliki waliipokea kwa hasira kubwa hivi kwamba wiki chache baadaye haki hiyo ya kujinunua ililegezwa. Tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kifo cha Sultani Seyyid Hamed bin Thuwaini, manowari za Uingereza zililipiga mabomu kasri la Sultani mjini Zanzibar kwa muda usiofika saa moja ili kumwondoa Seyyid Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitawaza, na mamia ya watu wakauawa au kujeruhiwa. Seyyid Hamoud aliwekwa kwenye kiti kilichoachwa wazi kwa nguvu hiyo, na miezi michache baadaye, tarehe 6 Aprili 1897, akatoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Marafiki, ambao imani yao inawakataza kubeba silaha na kushiriki vita vya aina yoyote, walifika Pemba wakiwa nyuma ya mizinga hiyo. Usalama wao, hati ya shamba lao na mahakama walizozitegemea vilitokana na ushindi ambao wao wenyewe wasingekubali kuupigania. Ukinzani huo haupunguzi wema wa nia yao, lakini unaeleza kwa nini wakazi wengi wa kisiwa waliwaona kuwa ni tawi la serikali, hata pale walipokuwa wakiipinga.

Amri ya 1897 yenyewe haikumwachia mtu yeyote uhuru siku ilipotangazwa. Kilichofanyika ni kwamba mahakama ziliamriwa zisitambue tena dai la mtu kummiliki mwingine, na mtumwa aliyetaka kuwa huru alipaswa kufika mwenyewe mbele ya mahakama na kuomba. Mmiliki aliyethibitisha kwamba alimmiliki kihalali alilipwa fidia na hazina ya serikali, na aliyeachwa huru hakulipwa chochote. Zaidi ya hayo, aliyepewa uhuru alitakiwa kuonyesha kuwa ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, na akishindwa angeweza kutangazwa mzururaji, yaani mtu asiye na makao ambaye sheria ilimhesabu kuwa mkosaji. Masuria waliwekwa nje ya amri: waliendelea kuhesabiwa kuwa ni wake wa nyumba za mabwana wao, na waliweza kudai kutenganishwa nao kwa sababu ya ukatili tu. Sir Arthur Hardinge, mwakilishi mkuu wa Uingereza wakati huo, aliamini kwamba kuharakisha jambo hili kungeangusha uchumi wa visiwa na hazina pamoja nao, kwa sababu mapato makuu ya serikali yalikuwa ushuru wa karafuu, uliofikia asilimia 25 ya mavuno. Kwa maneno mengine, serikali ilikusudia mtumwa awe huru bila kuliacha shamba, na sharti la makazi ndilo lililokuwa kamba ya kumfungia hapo.

Utekelezaji wa amri hiyo Pemba ulikabidhiwa kwa J. P. Farler, Kamishna wa Utumwa wa kisiwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa kasisi wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyofahamika kwa kifupi UMCA, na alifanya kazi miaka mingi Magila, karibu na milima ya Usambara. Farler alipendelea mikataba ambayo kwayo aliyeachwa huru alibaki kwenye shamba la bwana wake wa zamani, akapewa nyumba na konde, na kwa malipo ya hayo akamfanyia kazi siku kadhaa kwa wiki, pungufu ya zile tano za zamani. Aliamini kwamba utaratibu huo ulikuwa wa haki kwa pande zote mbili. Wakosoaji wake Uingereza, na Marafiki wakiwa mstari wa mbele, waliona kwamba uhuru ambao mtu anaupokea kwa mkono mmoja na kuurudisha kwa mwingine ni jambo linalohitaji jina tofauti.

Marafiki walikuja na urithi mrefu wa kupinga utumwa, kwa kuwa tangu karne ya 18 jumuiya yao ilikuwa miongoni mwa za kwanza katika ulimwengu wa Waingereza na Wamarekani kuwakataza waumini wake kumiliki watu. Kamati yao ya kupinga utumwa iliwatuma Henry Stanley Newman, mchapishaji na mhariri wa Leominster aliyekuwa na uzoefu wa kazi za hisani, na Theodore Burtt, ambaye ndiye aliyebaki Pemba kuiongoza misheni. Newman alirudi Uingereza na mwaka 1898 akachapisha kitabu kilichobeba jina la shamba lenyewe, ambacho kiliwaeleza wafadhili jinsi visiwa vilivyokuwa vikitoka utumwani na kuingia katika uhuru. Mgawanyo huo wa kazi, mmoja akiandika nyumbani na mwingine akisimamia shambani, ulikuwa wa lazima, kwa sababu misheni ilitegemea michango, na michango ilitegemea habari. Lakini ni haki kusema kwamba uzito wote wa maamuzi ulimwangukia Burtt, ambaye alipaswa kuamua kila siku mambo ambayo kitabu kisingeweza kuyatatua.

La kwanza lilikuwa nani apokewe. Wenye mashamba wa Pemba walikuwa na sababu ya kuziogopa misheni, kwa kuwa habari za pwani ya bara zilikuwa zimekwisha kuwafikia: kule Rabai, karibu na Mombasa, watoro wengi walikuwa wamejikusanya chini ya hifadhi ya wamisionari mpaka ikalazimu, mwanzoni mwa 1889, wamiliki walipwe ili zaidi ya watu elfu moja waachwe huru kwa pamoja. Misheni za zamani zaidi, kama ile ya Mapadre wa Roho Mtakatifu Bagamoyo tangu 1868, Mbweni ya UMCA kisiwani Unguja na Freretown ya 1875, zilipokea hasa watu waliokombolewa kwa kununuliwa au waliookolewa na manowari baharini, ambao hapakuwa na bwana wa jirani wa kuwadai. Banani ilikuwa katika hali tofauti kabisa, kwani watu wake walitoka katika mashamba ya majirani, na bwana wa jana alikuwa akipita njia ileile ya kwenda Chake Chake. Kumpokea mtu ambaye hajapata hati ya mahakama kulikuwa ni kuvunja amani na serikali. Kumrudisha kulikuwa ni kuvunja sababu ya misheni kuwapo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya msaada wa Marafiki, na kwa maoni ya mwandishi wa makala hii sehemu iliyo bora kuliko zote, haikuwa mahubiri wala shule bali kumsindikiza mwombaji hadi kwa kamishna, kusikiliza kesi yake ikisomwa, na kuandika barua pale ambapo mambo hayakwenda kwa haki. Mtumwa aliyesimama peke yake mbele ya mahakama iliyomjua bwana wake kwa jina na ukoo alikuwa na nafasi ndogo ya kusikilizwa, na shahidi aliyeweza kuandika London alibadilisha mizani ya chumba hicho.

La pili lilikuwa kazi. Kwa kununua shamba la mikarafuu, misheni iliingia katika kundi la wenye mashamba, na msimu wa mavuno ulipofika ilihitaji wachumaji wakati uleule ambao jirani zake nao waliwahitaji. Karafuu haisubiri: matumba yakiachwa mtini yanachanua na kupoteza thamani, hivyo ni lazima yachumwe kwa wiki chache, yatenganishwe na makonyo, na kuanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa huku yakilindwa na mvua. Mchumaji wa msimu alilipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo kilichotumika katika mwambao wote, na kwa kuwa mikono ilikuwa michache kuliko miti, baada ya 1897 watu walioachwa huru waligundua upesi kwamba katika miezi ya mavuno wao ndio wenye kauli. Walikwenda kwa aliyetoa zaidi. Wamisionari, waliotaka kufundisha kwamba kazi ya kudumu ya kila siku ndiyo alama ya mtu huru, walisikitishwa na watu waliofanya kazi kwa bidii msimu wa karafuu na kisha wakarudi kwenye makonde yao, na malalamiko yao kuhusu jambo hili yalifanana kwa namna ya kusikitisha na malalamiko ya mabwana wa zamani. Lakini mwendo huo ulikuwa na busara yake: mwenye konde lake la muhogo hakulala na njaa bei ya karafuu iliposhuka, na mtu aliyewahi kulazimishwa kufanya kazi kwa kengele ya nokoa alikuwa na kila sababu ya kupima uhuru wake kwa siku ambazo hakuna aliyemwita.

Ndipo linapojitokeza jambo ambalo waasisi wa Banani hawakulitarajia, nalo ni kwamba walioachwa huru walio wengi hawakwenda misheni. Wengine walibaki mahali walipokuwa, wakijadiliana upya na mabwana wao kuhusu siku za kazi. Wengine walihamia Chake Chake na Wete kuwa wachukuzi na vibarua. Wengine walitafuta ardhi upande wa mashariki wa kisiwa, ambako udongo ni wa mawe na mikarafuu haisitawi, lakini hapakuwa na bwana. Na wengine walirudi bara au kuvuka kwenda Unguja. Idadi kubwa hata mahakamani hawakufika. Kwa mzalia aliyelelewa katika Uislamu, kuachwa huru na bwana wake mwenyewe kwa ajili ya radhi za Mwenyezi Mungu, mbele ya mashahidi wanaojulikana, kulimpa nafasi ya kuheshimika ambayo karatasi ya serikali haikuweza kuitoa, kwa sababu kulimfungamanisha na ukoo uliowajibika kumzika, kumuoza na kumtetea. Mwanahistoria Elisabeth McMahon, aliyechunguza kumbukumbu za mahakama na za misheni katika kitabu chake cha 2013 kuhusu mwisho wa utumwa Pemba, ameonyesha jinsi watu hawa walivyojenga upya heshima yao kupitia udugu, ujirani na dini, wala si kupitia sheria peke yake. Mtu aliyetoka utumwani alitaka kuwa mtu wa mahali fulani, na mahali hapo palikuwa mjini, kijijini au msikitini muda mrefu kabla ya kuwa Banani.

Ibada ya Marafiki haikusaidia kuwavuta. Jumuiya hiyo haina makasisi, haibatizi kwa maji, na mkutano wake wa kiasili ni wa kukaa kimya mpaka mmoja wa waliohudhuria aguswe kusema. Nao pia waliweka mkazo mkubwa katika kuacha pombe. Katika kisiwa ambacho dini ilisikika kwa adhana, maulidi na dhikri, na ambamo kusilimu kulimfungulia mgeni mlango wa undugu wa jamii nzima, ukimya wa Banani ulikuwa njia ya kujitenga, na waliouchagua walikuwa wachache. UMCA, iliyoanzisha kituo chake Wete mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890, nayo ilibaki na waumini wachache ingawa ibada zake zilikuwa za aina nyingine kabisa.

Waliokwenda Banani na kubaki walikuwa hasa wale ambao njia nyingine zote ziliwakataa: mateka waliofika kisiwani miaka michache tu kabla ya amri na ambao hawakuwa na ukoo wa kuwatetea, wazee ambao mabwana zao hawakuwa tena na haja nao, wagonjwa, na wanawake waliokimbia nyumba za ukatili. Ni rahisi kuona katika orodha hiyo ushahidi kwamba misheni ilishindwa, kwa kuwa ilikusudia kujenga jamii mpya ya wafanyakazi huru na badala yake ikakusanya walioachwa na wengine. Hukumu hiyo si ya haki. Amri iliyomlipa mmiliki na kumwachia mzee wa miaka sitini mzigo wa kuthibitisha njia yake ya riziki ilikuwa imeacha pengo ambalo ukoo haukuweza kulijaza kwa asiye na ukoo, na katika pengo hilo hasa ndipo Banani ilipokuwa na faida isiyopingika. Pale misheni ilipojaribu kuunda tabia za watu ilipata matunda madogo. Pale ilipowapa paa, tiba na mtetezi wale waliokosa vyote, ilifanya kazi ambayo mtu mwingine hakuwa tayari kuifanya.

Suala lililobaki gumu mpaka mwisho ni la masuria. Serikali ilisema kwamba kuwaingiza katika amri kungevunja ndoa na kuwatupa wanawake barabarani, na hoja hiyo haikuwa na uongo mtupu, kwa kuwa suria aliyezaa alipata kwa sheria ya Kiislamu hadhi ya mama wa mtoto, ambayo ilizuia asiuzwe na kumfanya huru bwana wake alipofariki. Mwanamke kama huyo, aliyekuwa mama wa warithi wa shamba, angeweza kupoteza mengi kwa kuondoka. Lakini hoja hiyo iliwasahau wasiozaa, na iliwasahau pia wale waliodaiwa kuwa masuria siku walipoomba hati zao, kwa sababu bwana aliyetaka kumzuia mjakazi wake alihitaji tu kudai kwamba ni suria, na mzigo wa kukanusha ukamwangukia mwanamke. Watetezi wa Uingereza, wakiwamo Marafiki, waliendelea kulirudia suala hili kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka amri ya 1909 ilipoondoa hadhi ya utumwa kwa watu wote, masuria wakiwamo, na kumpa suria haki ya kuondoka kwa hiari yake. Madai ya fidia yalifungwa mwishoni mwa 1911. Tangu hapo hakuna mahakama ya Pemba iliyoweza kumuuliza mwanamke kama alikuwa mjakazi au suria kabla ya kumpa uhuru wake, na jumuiya ndogo ya Marafiki iliyotokana na Banani ikaendelea kuishi kisiwani kama jirani miongoni mwa majirani, ikitafuta wachumaji wake kwa pishi kila msimu kama mwenye shamba mwingine yeyote.